Meli Kwenye Ungo

Kabla sijaona kitu nilisikia maharage yakimwagwa. Ukungu ulikuwa umefunga kila kitu, nami nilikuwa napanda njia ya nyuma ya nyumba na kidumu cha maziwa, nikiifuata kwa nyayo zaidi kuliko kwa macho. Sauti ilitoka sebuleni: mmwago mrefu, mtikiso wa ungo, kisha mmwago mwingine. Nilijua ni shangazi, maana hakuna mwingine anayechambua maharage kama mtu anayegombana nayo. Ila nilipokaribia dirisha nilisita. Maharage yakianguka kwenye ungo hutua. Haya yalikuwa yakirukaruka, mepesi, makavu, yakilia kama meno ya mtu aliyeshikwa na baridi.

Nilipoingia nilimkuta shangazi amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, ungo juu ya mapaja. Amezungukwa na vilima vidogo vya plastiki: cheusi, cha kahawia, cha kijivu, cheupe, na kidogo sana cha njano. Mifuko iliyokuwa imebeba vitu hivyo ilikuwa tupu, imekunjwa vizuri kando yake, kwa sababu shangazi hajawahi kutupa mfuko. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko la mkaa, blanketi magotini, akimtazama dada yake kama anavyotazama mpira kwenye televisheni ya jirani.

"Umerudi?" shangazi akasema bila kuinua kichwa. "Njoo umalizie hivi vya kijivu. Macho yangu yamechoka."

Nikaweka maziwa chini. Ilikuwa meli ile. Yaani, ilitakiwa kuja kuwa meli.

Baba alikuwa amepata kiharusi mwishoni mwa vuli, akiwa shambani kwenye mipeasi yake. Mguu wa kulia ulirudi kiasi, na kwa fimbo aliweza kwenda bafuni na kurudi. Mkono wa kulia ulibaki umelala, hausikii kitu. Hospitalini Bumbuli, mtaalamu wa mazoezi alituonyesha jinsi ya kuuamsha: sahani mbili, maharage kwenye moja, baba ayahamishe punje moja moja kwa vidole vya mkono huo. Tulijaribu siku chache. Kisha asubuhi moja baba akaisukuma sahani mpaka ukingoni mwa meza.

"Mimi si kuku," akasema, na huo ukawa mwisho wa maharage.

Mimi nilikuwa nimesharudi nyumbani kumtunza. Hakuna aliyeniita rasmi. Kwetu mambo kama haya hayaitishiwi kikao. Yanateremka yenyewe taratibu, kama maji ya mfereji, mpaka yanamfikia yule asiye na mume, asiye na mtoto, na ambaye kazi yake haina ofisi. "Wewe unaandika tu," dada yangu alisema kwenye simu, bila ubaya wowote. "Kuandika unaweza hata huko." Basi nikapanda mlima na begi langu, nikalala kwenye chumba nilichokulia, chini ya bati lilelile.

Dada ni mkubwa wangu. Anafanya kazi Dar es Salaam, kwenye ofisi yenye kiyoyozi, na alikuwa ameshaandaa chumba cha chini nyumbani kwake, na kitanda kifupi, na feni, ili baba ahamie huko. Hospitali ziko karibu, alisema. Lami mpaka mlangoni. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Wazee wa huku wakishuka Dar, wanarudi wamelala kwenye sanduku. Niache nife nikiwa nimekaa."

Ndipo dada alipotuma boksi. Majirani zake walikuwa wamehama nchi na kuacha vitu vyao, na miongoni mwa vitu hivyo kulikuwa na mchezo ambao haujafunguliwa: vitofali vya plastiki, maelfu kwa kukisia, vya kujenga meli ya zamani. Juu ya boksi palikuwa na picha yake, meli nyeusi yenye milingoti mitatu imesimama katikati ya barafu nyeupe. Boksi lilikuja kwa basi. Jioni hiyo dada akapiga simu, tukaiweka kwenye spika mezani.

"Baba, hili ni zoezi. Sio maharage. Hili ni la kiume."

"Nikilimaliza?"

"Ukilimaliza mkono utakuwa umerudi."

Baba aliigeukia picha ya boksi. Nilidhani hakusikia. Kisha akasema, "Masika yakiisha unakuja. Ukija ukute meli imesimama, usinitajie tena Dar es Salaam."

Dada akacheka. "Haya baba, nimekubali. Lakini ujenge wewe. Kwa mkono huo."

"Kwa mkono huu."

"Na mimi shahidi," shangazi akadakia kutoka mlangoni.

Huyo shahidi sasa ndiye alikuwa amekaa mkekani kati ya vilima vyake. Shangazi ni mdogo wa baba. Aliolewa Mlola, akafiwa na mumewe, akarudi kwao, na anaishi kwenye chumba kimoja ngazi ya chini ya shamba letu, mahali ambapo anasikia kila kinachosemwa huku juu. Alikuwa amefika asubuhi, akaliona boksi, akalifungua, akakuta mifuko midogo iliyojaa vitu kama mbegu. Ilikuwa masika. Mwanamke yeyote wa miteremko hii anajua kwamba masika mbegu haziachwi kwenye mfuko. Ukungu unaingia, na ukija kufungua unakuta zimeota ndevu za kijivu. Unamwaga, unapepeta, unatoa mabovu, unatenga rangi kwa rangi, kwa sababu sokoni Lushoto hakuna anayenunua mchanganyiko. Shangazi alikuwa ameifanyia meli kila ambalo alifunzwa na mama yake.

"Shangazi," nikasema, "mifuko ilikuwa na namba."

"Namba niliziona. Nikajua bei."

"Kila mfuko ulikuwa kipande chake cha meli. Unafungua mmoja, unajenga, ndipo unafungua mwingine."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Akamtazama kaka yake. "Na wewe uko hapa tangu asubuhi unanitazama?"

"Ulikuwa unafanya kazi nzuri," baba akasema. "Sikutaka kukukatiza."

Nikaangalia vilima tena, nikaona kitu kingine. Kila kilima kilikuwa laini mno. Vitofali vyote vilikuwa vya pembe nne, safi, vinavyofanana. Nikauliza, nikiwa tayari nimeshaogopa jibu: "Mabovu umeweka wapi?"

"Mabovu hutupwa wapi?"

Mabovu yalikuwa yale yenye ndoano, yenye matundu, yaliyopinda, yaliyokatika nusu, yale membamba marefu kama mifupa ya samaki. Yaani nusu ya meli. Alikuwa ameyatupa nyuma ya banda la ng'ombe, kwenye lundo la samadi, na ng'ombe alikuwa ameshapita juu yake. Nilichukua chujio la jikoni nikaenda. Mvua ilianza nikiwa nimeinama. Nilichokoa, nikaosha, nikachokoa tena, na niliporudi na ndoo yangu mikono ilikuwa inanuka harufu ambayo sabuni iliipunguza tu. Siku hiyo sikufanya kitu kingine chochote. Niliketi jikoni nikikausha kwa kanga vipande vya meli, kimoja kimoja, nikihisi kwamba maisha yangu yote yatapita hivi, nikitafuta vitu vidogo kwenye vitu vikubwa.

Dada alipopiga simu nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Sasa mtaweza kweli?" nami nikaelewa kwamba hazungumzii meli.

*

Kitabu cha maelekezo hakikuwa na neno hata moja, picha tu. Hiyo ilimfurahisha baba. Kilichotusumbua ni kwamba hakuna kati yetu aliyeijua meli. Baba aliwahi kuziona Tanga akiwa kijana, kwa mbali, na kilichomkaa kichwani ni moshi wake. Basi tukaijenga kwa maneno ya nyumba. Ubao mrefu wa chini kabisa tuliuita msingi. Mbavu zake tuliziita boriti. Sehemu ya juu ikawa dari, milingoti ikawa nguzo.

"Msingi gani umechongoka?" shangazi akauliza. "Nyumba hii itaanguka."

"Inakaa kwenye maji, shangazi."

"Hapa maji yako wapi?"

"Shika fimbo utoke nje," baba akamwambia, "utayakuta yote."

Kazi iligawanyika hivi. Mimi natazama picha, natafuta kipande kwenye vilima, nakiweka kwenye kisahani mbele ya baba. Yeye anakichukua kwa mkono wa kulia, anakipachika, anakikandamiza. Shangazi hana ruhusa ya kugusa chochote. Kazi yake ni kuhakikisha nami sigusi zaidi ya kisahani.

Siku za mwanzo vidole vya baba havikufunguka. Vilikuwa vimejikunja kama jani changa la gugu la msituni. Alikuwa anakisukuma kitofali kwa kifundo mpaka ukingoni mwa meza, kidondoke kwenye kiganja kilichokuwa kinasubiri chini, na mara nyingi kiganja kilichelewa. Kitofali kilidondoka sakafuni, nami nikainama. Kilidondoka tena, nikainama tena. Hakulalamika. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, katika baridi ile, na alipofanikiwa kukiweka mahali pake alikilalia kwa mfupa wa kiganja mpaka tusikie kile kimlio kidogo, tak. Baada ya tak alifumba macho kama mtu aliyepandisha gunia juu ya lori.

Kilima cheusi ndicho kilichonimaliza. Meli nzima ilikuwa nyeusi, na shangazi alikuwa ameutenga weusi wote pamoja kwa uadilifu mkubwa. Unatafuta kipande cheusi chenye meno mawili, vile vijinundu vya kushikia, kati ya vipande vyeusi vyenye meno matatu, kwenye mwanga wa dirisha lililofungwa na ukungu, umeme umekatika tangu asubuhi. Nilikuwa nafumba macho na kutafuta kwa vidole. Wakati mwingine kipande kimoja kilikula saa nzima, na nilipokipata baba alikuwa amesinzia.

Na meli haikuwa kazi. Kazi ilikuwa yale mengine. Kuni zenye unyevu ambazo zinalia badala ya kuwaka. Nguo za baba ambazo hazikauki, ninazianika juu ya jiko mpaka zinanuka moshi, na anazivaa zikinuka moshi. Maji ya kuoga, kuyachemsha, kuyabeba, kuyapoza. Binti haingii bafuni anapooga baba yake, kwa hiyo nilikuwa nasimama nje ya mlango, sikio kwenye ubao, nikisikiliza mkono wa kushoto ukipambana na sabuni.

"Baba, uko salama?"

"Niko."

Maji tu.

"Baba?"

"Niko, mama. Siwezi kuanguka kila ukiniita."

Nilikuwa naandika wakati huo hadithi niliyokuwa nimeianzia Dar es Salaam, ya mwanamke mmoja amesimama barabarani, ameinua mguu avuke. Alibaki hivyo hivyo, mguu juu, masika yote. Nilifungua kompyuta mara chache, nikamtazama, nikafunga. Sikuwa na chuki na mtu. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu ule ambao hauondoki kwa usingizi kwa sababu umeshaingia mpaka kwenye usingizi wenyewe. Niliota vitu vyeusi.

Siku moja, dari ikiwa imeshafunikwa, baba aliuliza: "Hii meli ilikuwa inakwenda wapi?"

Nikasoma kwenye simu. Ilikuwa ya wavumbuzi, nikamwambia, zaidi ya miaka mia iliyopita. Walitaka kwenda chini kabisa ya dunia, kwenye nchi ya barafu, wakaivuke kwa miguu.

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu."

"Wazungu," shangazi akasema, akiwa anamenya viazi.

"Wakafika?" baba akauliza.

"Hawakufika. Barafu iliibana meli njiani. Ikakaa imebanwa miezi mingi, halafu ikapondeka, ikazama."

Baba akakiweka chini kitofali alichokuwa ameshika. "Kwa hiyo dada yako ananijengesha meli iliyozama."

Shangazi alicheka mpaka kiazi kikamtoka mkononi. "Kaka, wewe jenga. Iliyokwisha kuzama haizami tena."

"Na watu?"

"Watu walipona. Walishuka, wakakaa juu ya barafu, mwisho wakaondoka kwa mashua ndogo."

Baba akaitazama dari ya meli. "Huyo nahodha alikuwa na watoto?"

Sikujua. Akakiokota kitofali kwa mkono wa kulia, kwa kidole gumba na cha shahada, bila kukisukuma mpaka ukingoni. Mimi na shangazi tukatazamana. Yeye hakutambua alichofanya. Alikuwa anamfikiria nahodha.

*

Tulipofika kwenye nguzo ikadhihirika kwamba vipande virefu vyembamba, vile vinavyolazwa juu ya mlingoti kushika tanga, havikutosha. Kimoja kilikuwa kimebaki kwenye samadi, na samadi ilikuwa imeshapelekwa kwenye kabichi. Nilikwenda kwenye matuta ya kabichi na chujio langu. Nilirudi mikono mitupu, matope mpaka magotini.

"Nileteeni kijiti cha mpeasi," baba akasema. "Unene wa kalamu. Na kisu changu."

Kisu chake ni kile cha kubebeshea miti, cha kuungia kijiti cha mti mmoja kwenye mwingine, kifupi, kilichonolewa mpaka kimebaki nusu. Alikuwa hajakishika tangu siku ile aliyoanguka. Alikiweka mkono wa kushoto, na kijiti akakiegemeza kwenye kiganja cha kulia, akaanza kuchonga kuelekea nje. Mkono wa kushoto haukuijua kazi hiyo. Mara ya tatu kisu kikateleza, kikamkata kidole gumba cha kulia.

Nilikuwa nimeshasimama kutafuta kitambaa. Baba hakusogea. Alikuwa anakitazama kidole, damu ikitoka taratibu, na uso wake ulikuwa wazi kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

"Kinauma," akasema.

"Nipe nifunge."

"Subiri. Kinauma. Njoo uone, wee," akamwita shangazi, "kidole kinaniuma!"

Shangazi akaja, akakiinamia, akakiminya kwa makusudi. Baba akapiga ukelele. Wakaanza kucheka wote wawili, wazee wale, damu ikidondokea kwenye kitabu cha maelekezo, nami nikasimama na kitambaa changu nikiwa sijui nimfunge nani. Wakaendelea kwa Kishambaa, haraka, maneno ya utotoni mwao ambayo mengine siyajui. Kijiti kilipokamilika kilikuwa kimepinda kidogo. Tukakifunga kwenye nguzo kwa uzi.

Ilibaki ubavu mmoja na nguzo ya mwisho. Alasiri moja mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hatukuweza kusemeshana. Shangazi hakupanda siku hiyo, njia ilikuwa imekatika. Nilikuwa natafuta kipande cheusi chenye jino moja. Nakumbuka niliweka kichwa mezani ili nitazame kilima kwa ubavu, maana nilidhani kwa ubavu kitaonekana.

Nilipoamka mvua ilikuwa imeacha. Baba alikuwa ameinuka mwenyewe, ameuchukua ungo, ameupakata, na alikuwa anajenga peke yake. Alikuwa amemaliza mstari mzima na mwingine juu yake. Pale aliposhindwa kupata cheusi alikuwa ameweka cha kahawia. Ubavu wa meli ulikuwa na mabaka kama ng'ombe.

Alinitazama. "Una alama shavuni."

Nikapapasa. Meno ya vitofali yalikuwa yamechorwa kwenye ngozi, mistari ya vitundu kutoka sikioni mpaka kidevuni. Nikacheka. Nikaendelea kucheka, kisha nikagundua kwamba siwezi kuacha, na kwamba huko si kucheka. Baba akageuza uso dirishani akanipa muda.

"Umechoka, mama."

"Hapana, baba."

"Sijakuuliza."

Akaurudisha ungo mezani, akaendelea. Tak. Baada ya muda, tak nyingine. Nilisikia kila moja.

*

Dada alikuja Jumamosi, gari limejaa matope mpaka kwenye vioo. Alipiga goti akamwamkia baba, shikamoo, marahaba, akamwamkia shangazi, kisha akasimama mbele ya meza. Meli ilikuwa juu ya kitambaa cheupe cha kufuma. Nguzo tatu. Kijiti kilichopinda. Ubavu wenye mabaka, ambao baba alikataa kuurekebisha. Ukiisogelea sana ulisikia harufu ya samadi kwa mbali.

"Baba. Hii umejenga wewe?"

"Shahidi yupo, muulize."

"Kajenga yeye," shangazi akasema. "Mimi nilikatazwa kugusa, nikabaki na mdomo."

"Mdomo ulitosha," akasema baba.

Dada akanyoosha mkono. Baba akaupokea kwa wa kulia, akaukandamiza. Haikuwa nguvu ya baba tuliyoijua, ila dada alisikia, maana aligeuka akajifanya anatafuta kitu kwenye pochi. "Nimekubali," akasema akiwa ametupa mgongo. "Dar sitaitaja tena."

Nilifurahi. Nataka niseme hivyo kwanza, kwa sababu ni kweli: nilimtazama baba akiwa amekaa wima kwenye kiti chake, nikafurahi kwa ajili yake. Halafu kuna kitu ndani yangu kikaketi chini, kama mtu aliyesimama foleni kutwa na kuambiwa aanze upya. Niliyaona masika yajayo. Niliziona kuni zake. Nikaenda jikoni kuepua wali.

Dada akanifuata, akasimama mlangoni na viatu vyake vya mjini. "Umekonda."

"Ni masika."

"Unaandika?"

Nikafunika sufuria. Hakuuliza tena.

Tulipokwisha kula, baba akafuta mdomo, akasema kama anayeongelea hali ya barabara: "Gari lako lilikuja na nafasi ya abiria."

"Ndiyo, baba."

"Isirudi tupu. Mchukue huyu."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Baba, mimi nakaa na wewe."

"Umekaa."

"Nani atakupikia?"

"Kwani mimi napika nini kila siku, mawe?" shangazi akasema. "Godoro langu liko chumba cha nyuma tangu jana. Hukuliona. Umechoka mpaka hata kuona umeacha."

"Na bafuni?"

"Kuoga naoga mwenyewe," baba akasema. "Nimeshindana na meli nikamaliza, nitashindwa na sabuni?"

"Mlangoni nitasimama mimi," shangazi akaongeza, "na nitakuwa naongea. Hatapata hata nafasi ya kuanguka."

Dada akamgeukia baba. "Baba, hiki ndicho ulichokitaka tangu mwanzo?"

"Mwanzo nilitaka kubaki kwangu." Akauweka mkono wa kulia juu ya meza, vidole vimefunguka karibu vyote. "Nimebaki. Sasa siwezi kubaki kwangu kwa mgongo wa mtoto."

Nilitaka kubisha. Nilitafuta neno kama nilivyotafuta kwenye kilima kile, nikapapasa, nikapapasa, na kilichonitisha ni kwamba mwili wangu ulikuwa umeshakubali. Mabega yalikuwa yamekwisha kushuka. Baba aliyaona. Akaomba chai.

Asubuhi ukungu ulikuwa umerudi. Dada alikwenda kuwasha gari, tukalisikia likikohoa huko chini bila kuliona. Niliaga. Shangazi aliniwekea mapeasi kwenye mfuko, mmoja wa ile aliyokuwa ameikunja, akanisukuma begani kwa kiganja, kwa sababu kukumbatia hajui. Baba alikuja mpaka mlangoni kwa fimbo yake. Nilimshika mkono wa kulia kwa mikono yangu miwili. Ulikuwa wa moto kwa sababu ya jiko.

"Ukifika piga simu."

"Nitapiga. Baba, kama—"

"Nenda," shangazi akasema nyuma yake, "mnatuingizia baridi."

Nikashuka kwenye ukungu na begi langu. Sikuwa nimefika mbali nilipousikia mlango ukifungwa nyuma yangu, polepole, mara ya kwanza haukushika, kisha ukashika.